Kofia ya Mzee Milorad

Kache alikuwa fundi cherehani pale Magogoni, na kwa miaka tisa alimfulia nguo jirani yake, Mzee Milorad. Huyu alikuwa Mserbia aliyekuja zamani kutengeneza mitambo ya kiwanda kimoja huko Changamwe, akaoa Mgiriama, akafiwa naye, asirudi tena kwao.

Kila mwezi ndani ya kapu la nguo mlikuwa na kofia ya sufu ya kijivu, haina ukingo, juu imebonyea katikati kama mtumbwi.

"Hii yaitwa shaikacha," mzee alimwambia. "Wakulima wetu huivaa. Askari wetu walikwenda nayo vitani. Ukiiona ugenini, wajua huyo ni ndugu yako."

Kache akiisugua povuni, mara nyingine alijikuta akitembea katika shamba la miti asiyoijua, ardhi nyeupe kama unga, na wanaume wenye kofia za kijivu wakimwamkia kwa Kigiriama. Alipozinduka, povu lilikuwa limekwisha.

Januari, juu ya feri ya Likoni, upepo ukaipokonya kofia ile. Mzee aliitazama ikielea, kisha ikizama polepole. Tangu siku hiyo hakutoka tena nje. Uji aliopelekewa ulirudi vile vile.

"Nitakushonea nyingine, baba."

"Utashonaje? Hata picha sina."

"Mikono yangu yaijua."

Katika soko la Kongowea Kache akapata koti zito la mtumba. Akalikata, akafumba macho, akaviacha vidole vitafute njia. Ya kwanza ikatoka kama ya askari polisi. Ya pili ingemwenea mtoto. Akazifumua zote. Ya tatu aliishona Jumapili baada ya ibada, mvua ikinong'ona juu ya mabati, naye hajui kama yu macho au amelala.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akainusa, akaivaa. Ikashuka hadi masikioni.

"Ni kubwa," Kache alisema kwa haya. "Nipe niipunguze."

"Iache. Ya babangu ilinishuka vivi hivi, nikiivaa kwa kuiba."

Akacheka huku machozi yakimtoka, kisha akauliza kama kuna chai.

Asubuhi yake alivuka barabara kwenda kununua mahamri.

"Shikamoo mzee," muuzaji alisema. "Umepotea!"

"Marahaba. Nilikwenda kwetu," mzee akajibu. "Nimerudi jana."