Kusoma kwa Kujikwaa

Nilikuwa na miaka tisa nilipokuwa wa kwanza darasani kwa mara ya mwisho. Kwetu Likasi, siku ya kutangaza matokeo, wazazi wanakuja shuleni na kopo la poda. Mtoto akiitwa, wanammwagia kichwani kwa shangwe mpaka anakuwa mweupe kama mtu aliyetoka kusaga unga. Waliniita wa kwanza. Mama yangu alikuwa na kopo mkononi, lakini hakulifungua.

Nilijua sababu. Wiki moja kabla yake, kanisani, mchungaji alimpa jirani yetu unabii. Nikasema kwa sauti kwamba ni ule ule aliopewa mama yangu wakati wa mvua, nikaurudia wote, neno kwa neno. Watu walicheka kidogo. Halafu wakaacha kucheka, wakaanza kuulizana.

"Uyu mutoto, akili yake inatoka wapi? Baba yake anachimba tu mawe ku Kamatanda, hata jina lake hajue kuandika."

"Basi iko mutu anamufundisha usiku." Kwetu, anayefundisha usiku ni mchawi.

Njiani mama alinivuta mkono. "Mudomo yako itakufikisha Buluo!" Kama vile lile gereza linafungia watoto wa miaka tisa.

Baada ya matokeo walinipeleka kwenye maombi. Siku tatu bila kula, wamama wakinishika kichwa: "Sema nani alikupa iyi akili!" Nilisema ni vitabu. Wakaongeza siku moja. Ndipo nikasema ni bibi mmoja mzee, ananijia ndotoni. Waliimba, wakashukuru, wakanipa uji. Uongo ule ndio ulionilisha.

Tangu hapo nikawa wa nane, wa kumi. Watu wanafikiri ni rahisi. Ili uwe wa nane unapaswa kwanza kujua majibu yote, kisha kuchagua yapi utayaharibu. Nilipata diploma yangu ya sekondari hivyo, kwa kujibana. Na bado wasichana wenzangu walininusa. Wakiruka nzango, mchezo wetu wa wasichana, uwanjani, hawakunipa zamu ya kuruka: "Eh, Diksionere, weye simama pale, utuhesabie." Nilisimama pale, kamusi yao.

Leo niko na binti wa miaka saba. Alijifunza kusoma peke yake, kwenye mifuko ya unga. Mwaka huu nilinunua poda yangu, nikasimama mbele kabisa. Wakaita, wakaita. Akatoka wa ishirini.

Nyumbani nilimwekea karatasi zake za mtihani mezani, nikamuuliza swali moja moja. Akajibu yote, bila hata kukuna kichwa.

"Sasa juu ya nini uliandika bibaya?"

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa kitu cha wazi.

"Mama, si na weye? Ku nyumba unasomaka muzuri. Ku kanisa unasomaka mubaya."

Ni kweli. Kila Jumatano wamama tunasoma Biblia kwa zamu, na minye ninajikwaa makusudi, herufi kwa herufi, ili waseme "polepole mama, Mungu atakusaidia" na kunipenda. Binti yangu anakaa chini, miguuni pangu. Miaka yote niliwakasirikia mama yangu na wale wamama wa maombi, kumbe kazi yao nilikuwa naiendeleza minye mwenyewe, bure, na kwa mtoto wangu.

Jumatano iliyofuata zamu yangu ilifika. Nilisoma ukurasa mzima kwa pumzi yangu ya kweli.

"Eeh!" mama mmoja akasema. "Na ule wa juma iliyopita alikuwa nani?"

"Alikuwa minye. Nilikuwa nadanganya."

Mama yangu, aliyekaa pembeni yangu, akaninong'oneza kwa hasira: "Batatubeba tena ku maombi. Safari hii batabeba mutoto."

"Babebe minye," nilimjibu, na sikunong'ona. "Mutoto, hapana. Ule atakayemunyima chakula, atanikuta ku mulango."

Ndipo binti yangu akanyanyuka kutoka chini, akaweka kidole kwenye ukurasa, na mbele ya wote, kwa sauti yake yote, akasema:

"Mama, umeruka neno moja."

Wamama wote waligeuka kumwangalia. Niliangalia pale kidole kilipokuwa. Kweli, nilikuwa nimeliruka.

Nikarudi nyuma, nikalisoma.