Salamu za kaka yangu wa Dar

Kama una kaka anayemtumia mama salamu kila asubuhi bila kukosa, mchunguze.

Wangu yuko Dar. Kila kukicha, kwa kilugha chetu: "Mwakeye, mama! Umeamkaje?"

Hapa kijijini Kumsenga mama anawasomea majirani wote. Sisi tunaomchotea maji hatuna hata jina.

Leo asubuhi mama kateleza uani, goti likavimba. Salamu ilipoingia akajibu mwenyewe, kwa kidole kimoja: nimeanguka mwanangu, siwezi kusimama.

Hata simu hajaiweka chini, jibu hilo hapo.

"Nafurahi kusikia hivyo, mama. Siku njema!" Na kapicha ka ua juu yake.

Mama akasema, "Labda hajasoma vizuri."

Nikaichukua simu nikaandika: nyumba inaungua.

"Nafurahi kusikia hivyo, mama. Siku njema!" Ua lile lile.

Nikampigia. Jamani, anacheka!

"Dada, hiyo ni programu tu. Ndiyo inayonijibia hata barua pepe za kazini. Inaniokolea muda. Niko kikaoni, nitampigia baadaye."

Muda wa nini, wewe? Mama unao wangapi?

Nyie mngemfanyaje mtu huyu?

Mama kaniuliza kaka yako anasemaje. Nimemdanganya kwamba mtandao unasumbua. Akasema, "Maskini, atakuwa na wasiwasi huko."

Sasa kaka, huku kwenye ukurasa wangu najua unasoma mwenyewe, maana kila nikiweka picha wewe ndiye wa kwanza kucheka.

Mpigie mama. Simu bado kaishika mkononi.