Pasi Iliyokwama Kwenye Silabi ya Kwanza

“Shati la pili wiki hii, mdogo wangu. La pili,” dada mtu anafoka, kalinyanyua juu mdogo wake alione. Mgongoni pana alama ya pasi, kahawia, imejichora vizuri kabisa.

“Nilikuwa kwenye neno.”

“Neno gani linachoma nguo za watu?”

Neno lenyewe ni tavolo. Meza, kwa Kitaliano.

Ni saa tatu asubuhi kwenye chumba cha kupigia pasi. Huyu ndugu, miaka thelathini na nne, mtaani wanamwita Profesa, na wanamcheka. Ananyoosha mashati arobaini kwa siku. Miezi saba sasa anajifunza Kitaliano hapo hapo mezani, simu kaiegemeza kwenye ndoo. Neno analikatakata silabi, ta-vo-lo, pasi inasogea nazo. Kwenye mkazo anagandamiza.

“Sisi kwenye Kiswahili tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, umemaliza,” anasema. “Waitaliano nao, maneno yao mengi ni hivyo hivyo. Domani, kesho; finestra, dirisha; unateleza tu. Halafu linakuja moja limekaza mwanzoni, na alama ya mkazo halina. Unajuaje? Ulishike kichwani.”

Leo akasita: ta au vo? Pasi nayo ikasita.

Saa tano ana usaili kwenye hoteli ya watalii wa Kitaliano, kazi ya mapokezi. Atasoma ukurasa mzima wa Kitaliano kwa sauti mbele ya watu watatu. Mwaka jana alisoma maneno mawili, akatoka mbio akaacha mpaka vyeti vyake mezani. Akishindwa leo, hawamwiti tena.

Tangu kumekucha ameenda msalani mara tatu.

“Basi siendi,” anasema. “Nibaki nimwombe radhi mwenye shati.”

Dada anachomoa waya wa pasi.

“Mwenye shati niachie mimi. Usijifiche nyuma ya nguo za watu. Unaogopa, sema unaogopa.”

“Naogopa, dada.”

“Haya, lisome hilo la meza.”

Kidole kinagonga mbao mara tatu, ya kwanza kwa nguvu. “Ta-vo-lo.”

“Kama ni sawa mi sijui. Ila umelimaliza.”

Anavaa viatu, kamba zinamkataa. “Nikiipata hii kazi, mashati yangu nakuletea wewe.”

“Na nitakuunguzia.”

Profesa hacheki. Anashika kitasa, midomo inacheza bila sauti. Anatoka, anaufunga mlango mwenyewe, asije akapata pa kurudi.