Nilisamehe kwa Mdomo wa Mwalimu

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu tangu msiba nazunguka nalo mdomoni, na sijapata mtu wa kunisikiliza mpaka mwisho. Wewe usiyenijua, nisikilize.

Mimi ni mama mtu mzima, mjane, naishi pande za Ihumwa. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa balozi wa nyumba kumi, na ukweli ni kwamba ubalozi niliupenda. Ndoa ikiyumba, balozi aitwe. Mbuzi wa fulani kala mchicha wa fulani, balozi aitwe. Nikazoea kuwasemea watu mpaka nikasahau kwamba wana midomo yao.

Ng'ambo ya uzio wangu wa minyaa aliishi mwalimu mstaafu, Mrangi wa Kondoa, mwanamke mpole, peke yake. Yeye Mwislamu, mimi Mkristo, na tulikula kama nyumba moja. Nikipika mlenda ukakubali, namjazia bakuli langu la bati lenye maua mekundu, nalifunika na kitambaa nilichodarizi kwa mkono wangu, napeleka. Na unajua, bakuli la jirani halirudi tupu. Lilirudi na karanga, lilirudi na maandazi, siku ya Idd lilirudi na pilau.

Kila asubuhi aliniita uzioni, "Balozi, umeamka?" Nami namjibu nimekufa, njoo unizike. Huo ndio ulikuwa utani wetu. Jamani!

Sasa kuna kijana, nitamwita Lameki, ingawa si jina lake. Ni mtoto wangu wa ubatizo. Huyo Lameki aliwahi kuvunja nyumba ya Mwalimu, Mwalimu akamkuta ndani, kijana akamsukuma mpaka mama wa watu akavunjika mkono. Lameki akafungwa miaka saba. Mama yake, ambaye tuliimba naye kwaya tangu usichana, alifariki mwanawe akiwa gerezani. Siku za mwisho alinishika mkono, akaniomba nisimwache mtoto wake aozee ndani. Nikaahidi.

Mwaka wa nne wa kifungo akaja afisa wa magereza na fomu zake. Kijana ana tabia njema, akasema, huenda akaachiwa mapema amalizie kifungo nje, lakini lazima mtaa uulizwe. Nikamwambia mtaa hauna neno. Akashika kalamu, akanitazama usoni.

"Na yule aliyevunjwa mkono, mama? Umemuuliza?"

Mwalimu siku hiyo hakuwepo. Alikuwa Kondoa msibani, angerudi baada ya wiki. Ningeweza kumwambia afisa asubiri. Ningeweza kupiga simu, namba yake naijua kwa kichwa. Sikupiga, kwa sababu moyoni nilijua atakataa.

"Nimemuuliza," nikasema. "Ameshasamehe."

Hapo ndipo nilipomuua. Yaliyofuata ni mwendelezo tu.

Mwalimu aliporudi nikamweleza kwa kuzungukazunguka, kana kwamba serikali imeamua yenyewe. Akawa anausugua ule mkono wake uliopinda. Kisha akaniuliza kijana atakaa wapi. Nikamwambia kwangu. Akasema sawa, akaingia ndani, na nikasikia anafunga komeo. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona sasa ni kazi yangu kuwapatanisha! Lameki alipoachiwa alikuwa ananichotea maji, ananiitikia kwa adabu, Jumapili tunakwenda naye kanisani. Nikaanza kumtuma na bakuli. Nilijisemea kwamba Mwalimu akimwona mara kwa mara na chakula mkononi, hofu itamwisha. Mara ya kwanza alipokea kupitia dirisha. Mara ya tatu alifungua mlango nusu. Baadaye akawa anamwambia aingie angoje sebuleni wakati analiosha bakuli na kulijaza.

Siku moja alinifuata uzioni, akaniambia kwa sauti ya chini: "Balozi, chakula chako nakula. Ila huyo mletaji, nakuomba, usimtume tena. Nikisikia hodi yake mkono unaniuma."

Nikacheka. Nilimcheka, ndugu yangu! Nikamuuliza mwalimu mzima anamwogopa mtoto anayemletea mboga? Akatabasamu kwa aibu, akasema basi, yaishe. Na kesho yake nikamtuma tena.

Jumapili ile Lameki alisema tumbo linamuuma, hataweza kwenda kanisani. Nikamwachia uji mezani. Niliwaambia hata wanakwaya wamwombee, nao wakaniitikia amina. Mtaa wetu Jumapili asubuhi hubaki mtupu, watu wote wako ibadani. Aliyebaki nyumbani alikuwa Mwalimu.

Lameki hakuvunja mlango safari hii. Alichukua bakuli langu jikoni, akatia mlenda wa jana, akafunika na kile kitambaa changu, akaenda kupiga hodi. Mwalimu akafungua.

Walimpata jikoni, kichwa kimepigwa kwa mchi. Simu haipo, televisheni haipo, mkufu wake umekatwa shingoni. Lameki alikamatwa siku ya pili stendi, na sasa yuko alikokuwa.

Polisi waliniita nitambue bakuli. Lilikuwa mezani kwa Mwalimu, limeoshwa, limejaa karanga nusu. Nyingine zilimwagika sakafuni, na ganda moja lilikuwa bado kiganjani mwake. Alikuwa ananirudishia. Yule mwanamke alikufa akinijazia bakuli.

Binti yake alikuja kumchukua akamzike Kondoa, akapita kwangu. Nilitamani anitukane. Aliniamkia shikamoo, akakaa, akaniuliza jambo moja tu: ni kweli mama yake alikubali kijana aachiwe? Maana karatasi zinasema alikubali, na mama hakuwahi kumwambia.

Nikamwambia ukweli. Akainuka, akafunga vizuri kanga yake, akaondoka bila kuaga. Sijamwona tena.

Ubalozi nimeuacha. Hakuna aliyenifukuza, lakini watu wananiamkia shikamoo huku wakitembea, na marahaba yangu inawakuta mgongoni. Mwanangu wa Ipagala anataka nihamie kwake. Nimekataa. Nikihama, nani atajua kwamba pale ng'ambo palikuwa na mtu? Nyumba imefungwa, bati moja limelegea, upepo wa huku ukianza linagonga mchana kutwa.

Wewe unayesoma, siku wakikuuliza kama mtu arudi mtaani, usijifanye mwema kwa maumivu ya mwenzio. Nenda kwa aliyeumizwa. Kaa chini umuulize, na akisema naogopa, liandike hivyohivyo. Akikuambia usinitumie huyo mtu, usicheke.

Idd iliyopita nilipika pilau mwenyewe. Nikatafuta bakuli jingine, nikajaza, nikafunika, nikafika mpaka kwenye minyaa. Nikasimama hapo mpaka likapoa. Asubuhi yake niliamka, nikakaa kitandani nikingoja kuitwa, na nilikuwa tayari na jibu langu.