Kome wa bwawa letu na maji niliyoyamwaga

Habari zenu ndugu zangu wa ukurasa huu. Naomba jina langu lifichwe, mama mkwe ana watu wake humu. Nina miaka 23, nimeolewa Nzega vijijini, na nina mtoto mmoja ameanza kutembea juzi juzi tu, akianguka anacheka.

Kazi yangu ni kuosha marudio, ule mchanga wa dhahabu ambao wenye mashimo wameshauosha wakauacha. Vumbi la dhahabu lililobaki tunalikamata kwa zebaki. Wenzangu wanaoshea mbali, kwenye shimo lililosakafiwa. Mimi nilikuwa nanyonyesha, nikachimba kashimo kangu pembeni ya bwawa ili mama mkwe aniletee mtoto akilia. Mvua ikaja, kashimo kakabomoka, maji yote ya zebaki yakaingia bwawani. Nikanyamaza, nikachimba kengine.

Humo bwawani ndimo mama mkwe anamookota kome, wale wa magamba mawili wanaojizika kwenye tope. Anamchemshia mjukuu mchuzi. Msimu huu akawa anakuta wengi wamekufa, magamba wazi. Akaniita mama kwa kilugha chetu, akanitania, "Mayu, kome wa siku hizi wavivu, hata kisu hawasubiri." Nikacheka naye. Nilicheka kweli.

Kliniki, nesi alipojua kazi yangu aliniuliza tunakula nini cha majini. Akasema kome anachuja maji na tope mchana kutwa, zebaki inabaki mwilini mwake, hata aliye hai, na kuchemsha hakuiondoi. Mtoto atapimwa. Kwa macho ni mzima, nami nimeshikilia hapo hapo.

Niliporudi nikamwaga mchuzi wote. Mama mkwe akasema, "Mume wako nimemkuza kwa mchuzi huu. Sema tu chakula changu kinakutia kinyaa." Kumbe kinyaa nilikuwa najionea mwenyewe.

Tangu hapo haongei na mimi. Pale bwawani nimeacha kuosha, ila sijamwambia mtu kwa nini. Nikisema, kijiji kizima kitajua ni mimi, na mume wangu anaweza kunirudisha kwetu.

Leo asubuhi mama mkwe amebeba ndoo akashuka bwawani. Jirani yetu amejifungua, nimemsikia mama mkwe akisema atampikia mchuzi apate maziwa.

Nimesimama mlangoni na simu, mtoto mgongoni. Namwona anapanda na ndoo kichwani. Ndugu zangu, akifika nianze na neno gani?