Pishi Mbili Zilizopungua

Wajukuu zangu huniuliza, "Bibi, kilo ya mchele ni vikombe vingapi?" Nawajibu: kikombe cha nani, na kimejazwaje? Wanacheka. Mimi jambo hilo lilikaribia kunipa jina la mwizi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa bi harusi wa miezi minne hapa Makorora, nimetoka Muheza. Mdogo wa mume wangu alikuwa anaoa. Mama mkwe ndiye aliyekuwa mpishi wa shughuli zote za mtaa, lakini kiuno kilimshika, akalala ndani nyuma ya pazia. Akasema, "Wali atapika mkaza mwanangu." Wifi yangu mkubwa akanuna pale pale.

Mchele uliletwa kutoka dukani, umepimwa kwa mizani: ratili sabini na mbili. Jikoni mizani hatukuwa nayo, tulikuwa na pishi ya mti, kopo la kupimia nafaka. Hesabu ya mama mkwe ilikuwa ratili sita kwa pishi, yaani pishi kumi na mbili. Nazi zikakunwa, tui likakamuliwa la pishi kumi na mbili.

Nikapima mbele ya wanawake wote. Pishi ya kumi, jamvi tupu.

"Mbili ziko wapi?" wifi akauliza.

"Sijui."

"Hujui! Mchele umelala chumbani kwako tangu jana. Umeota miguu ukaenda kwenu Muheza?" Wanawake wakacheka. "Hebu kafungue kisanduku chako, wifi, tuone."

Kisanduku kikifunguliwa, hata kisipokutwa na punje, nimeshakuwa mwizi. Na wageni wa harusi kutoka Tongoni wanakuja baada ya adhuhuri. Nikitia tui lote lile kwenye pishi kumi, nimewapikia uji.

"Kisanduku hakifunguliwi," nikasema. "Kwanza mchele urudi jamvini."

Nilikuwa nimekumbuka mkono wangu. Kila pishi niliijaza ikafanya kilima, punje zinaporomoka. Kwetu ndivyo anavyopimiwa mgeni. Ukifuta mdomo wa pishi unaitwa mchoyo. Kwa hawa sikuwahi kuuliza. Nikapaza sauti kwenye pazia:

"Mama! Pishi yako ya ratili sita ni ya kilele au ya mfuto?"

"Mfuto! Kilele cha nini? Mizani inajua kilele?"

Nikapima upya, kila pishi naifuta kwa kiganja. Hakuna aliyecheka tena. Wifi alihesabu kwa sauti, ananivizia nikosee. Kumi. Kumi na moja. Nikakunja pembe za jamvi, nikamimina kilichobaki. Kikapanda polepole, kikagusa mdomo wa pishi. Jamvini zikasalia punje ambazo kuku mmoja angezimaliza.

"Imefika?" mama mkwe akauliza.

Wifi akainama, akajifanya anaokota punje.

"Nakuuliza wewe unayehesabu!"

"Imefika, mama," wifi akasema.

"Haya. Wewe uliyetaka kupekua, shika kata, umtilie mwenzio tui."

Akashika. Radhi hakuniomba, na mimi sikumngoja aombe. Moto ulikuwa umeshakolea. Alichota tui huku machozi yanamtoka, akasema ni moshi. Alipotaka kuiweka kata chini nilichungulia sufuria.

"Bado moja," nikamwambia. "Na uijaze."