Sindano Kwenye Shuka la Wodi Namba Nne

Siku niliyosema ukweli kazini, watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Mimi ni dobi wa hospitali. Nafua mashuka ya wagonjwa, na pale chumba cha kufulia mimi ndiye redio. Usipocheka na mimi, basi una jino bovu.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, nikabeba furushi la wodi namba nne.

Chwi!

Nikavuta mkono. Sindano inaning'inia kwenye kidole gumba, imepenya glavu, na ndani ina damu isiyo yangu.

"Jamani, nimechomwa sindano!"

"Na yule nyoka alikuuma wapi?" msimamizi akauliza bila hata kugeuka.

Haki yake. Wiki mbili nyuma nilipiga kelele kuna nyoka kwenye mashuka, akatoka nduki na kandambili moja.

Nikamwonyesha kidole.

"Umejipaka nyanya," akadakia mwenzangu wa mashine. "Leo umejitahidi."

Nikaosha kwa sabuni na maji ya bomba. Nikaomba fomu ya ajali kazini. Msimamizi akasema fomu si za kuchezea.

Jumanne nikaomba tena. Akacheka tena.

Nyumbani mama ananiuliza mbona huli, namjibu jino. Kumbe nawaza virusi vya Ukimwi. Sindano haiandikwi imetoka kwa nani.

Jumatano saa nne nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, redio imezima. Akaja mama anayepiga pasi mashuka. Huyu mwaka juzi alinyamaza ghafla, nami nikambandika jina: Bubu.

"Ulichomwa lini?"

"Juzi asubuhi, mama."

"Inuka. Saa sabini na mbili hazijaisha."

"Na fomu?"

"Itatukuta huko. Virusi havisubiri sahihi."

Akanishika mkono kama mtoto wa chekechea mpaka kliniki.

Muuguzi akanipima. Sina virusi. Akanipa dawa za kuzuia: siku ishirini na nane, usiruke hata moja, kisha urudi kupima.

"Ungekuja siku ile ile," akanigombeza. "Kila saa uliyokaa imekupunguzia nafasi. Zikipita siku tatu, hatukupi tena."

Nikameza kidonge cha kwanza pale kwenye benchi. Woga ukishuka, mdomo wangu unarudi.

"Mama, haya umeyajulia wapi? Ulisomea udaktari kwa siri?"

Akatazama mikono yake.

"Mwaka juzi nilichomwa mimi. Nikasema mbele yenu. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nilisema, "Haya jamani, tuanze kuchangia sanda mapema." Chumba kizima kiliangua kicheko. Hata yeye alicheka.

"Nikaona haya, mwanangu. Nikaja hapa siku ya tano."

Akatoa kichupa cha vidonge kwenye mkoba, akachukua kikombe changu, akameza na maji niliyobakiza.

Nikainuka, nikamjazia kikombe tena. 

Nilimaliza dawa. Miezi mitatu baadaye nikapima: sina. Yeye anameza kidonge chake kila siku, na anapiga pasi kuliko sisi wote.

Wewe unayesoma: ukichomwa, kondomu ikipasuka, ukifanyiwa ukatili, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje fomu, wala mtu akuamini. Na mwenzako akisema kachomwa, funga mdomo, mshike mkono.

Mimi watu wote najua kuwachekesha. Yule mama sijui nianzie wapi.